Elimu ya Daftarini na Elimu ya Kifuani

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa kalamu na wa mwenye kuishika, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. 

Katika nyumba nyingi za Buyenzi, na kadhalika katika mitaa mingine ya Bujumbura, jambo moja huonekana kila mwaka. Mtoto huamka mapema, huenda shule, hurudi na daftari zilizojaa maandishi safi, mistari imenyooka, vichwa vya habari vimepigwa rangi nyekundu. Usiku hukaa karibu na taa akasoma daftari hizo mara ya pili na mara ya tatu. Siku ya mtihani ikifika, swali liko mbele yake na kalamu i mkononi, lakini maneno hayaji. Matokeo yakitoka mtoto husema kwamba hana akili. Mama yake, aliyeuza ndagala mwaka mzima ili daftari hizo zipatikane, husema ni majaaliwa. Baba hunyamaza, na mwaka unaofuata huanza kufikiri kwamba heri mtoto akashike kazi sokoni.

Maneno ya leo ni juu ya mtoto huyo. Aghalabu akili anayo, na juhudi anayo pia, kwani asiye na juhudi hawezi kujaza daftari saba. Alichokikosa ni njia. Na njia ya kusoma ni jambo la kufundishwa kama inavyofundishwa njia ya kuchukua udhu. Hakuna mtu aliyezaliwa akiijua. Hasara yake ni kubwa kuliko ada iliyopotea, kwa sababu mtu akisha kujihukumu kuwa ni mjinga akiwa na miaka kumi na minne, hukumu hiyo huenda nayo mpaka uzeeni.

Katika habari za maulamaa imo hadithi ya Imam al-Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058 na kufa mwaka 1111 katika nchi ya Tus, nayo imesimuliwa na Taj al-Din al-Subki katika kitabu chake cha tabaka za maulamaa wa Kishafii. Alipokuwa kijana, al-Ghazali alisafiri kwenda Jurjan kutafuta elimu, akaandika kwa mkono wake yote aliyoyasikia kwa mwalimu wake. Katika safari ya kurudi, msafara ukavamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu. Kijana akawafuata nyuma, akamsihi mkubwa wao amrudishie mfuko mmoja tu, ambao ndani yake hamkuwa na fedha, ila karatasi zake za masomo alizozihangaikia ugenini. Yule mkubwa wa wanyang'anyi akacheka. Akamwuliza vipi anadai kuwa ameijua elimu hiyo, ilhali wao wameuchukua mfuko na yeye amebaki hana kitu. Kisha akaamuru arudishiwe mfuko wake. Al-Ghazali alipofika kwao alikaa miaka mitatu akizihifadhi karatasi zile, mpaka akawa ni mtu ambaye akiibiwa njiani haibiwi elimu yake.

Mtoto wa Buyenzi naye ana mfuko kama huo. Tofauti ni kwamba mnyang'anyi wake huja siku inayojulikana, nayo ni siku ya mtihani, ambapo daftari huachwa nje ya mlango. Lililomo kichwani huingia naye, na lililomo daftarini hubaki nje. Basi kila njia itakayoelezwa hapa ina kusudi moja tu, nalo ni kuyahamisha maneno kutoka daftarini mpaka kifuani kabla ya siku hiyo.

Hapana budi kwanza kujua jinsi maneno yanavyopotea. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kumbukumbu ya binadamu. Alijijaribu mwenyewe kwa muda mrefu: alihifadhi orodha za silabi zisizo na maana, akangoja, kisha akapima ni kazi kiasi gani iliyomlazimu kufanya ili azihifadhi upya. Aliona kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya faida ya kazi ya kwanza ilikuwa imekwisha potea, na baada ya siku moja ilibaki kama thuluthi. Baada ya hapo upotevu uliendelea, lakini polepole. Maneno yenye maana hayapotei upesi kama silabi zile, ila mwendo wake ni huo huo: hasara kubwa hutokea mwanzoni. Mtoto anayeandika somo siku ya Jumatatu na kulifungua tena wiki tatu baadaye hasomi somo alilolijua, analianza upya.

Dawa ya maradhi haya ilikuwako madrasani karne nyingi kabla ya Ebbinghaus. Imam al-Zarnuji, aliyeandika kitabu mashuhuri cha adabu za mwanafunzi zapata miaka mia nane iliyopita, alimwelekeza mwanafunzi arudie somo la jana mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia hiyo mara tatu, kisha mara mbili, kisha mara moja. Tazama hesabu hiyo ilivyopangwa kwa busara: somo changa hupewa ulinzi mwingi, na kila linapokomaa hupunguziwa. Vilevile aliusia kwamba somo la mwanzo liwe dogo, kiasi ambacho mwanafunzi akilirudia mara mbili limemkaa. Na alitaka mwanafunzi asiache kuwa na kidau cha wino popote alipo, ili asipitwe na faida akaikosa.

Basi tuingie katika kusoma chenyewe. Mtu akifungua kitabu na kuanza neno la kwanza mpaka la mwisho bila ya kujua anatafuta nini, amefanana na aliyeingia sokoni bila ya kujua alichotumwa: hutazama kila kitu akarudi na kikapu kitupu. Mwaka 1946 Francis Robinson, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Ohio State huko Marekani, alipanga hatua tano za kusoma kitabu cha masomo, nazo zimeenea duniani. Ya kwanza ni kupitia: mwanafunzi hutazama kichwa cha sura, vichwa vidogo, picha, ramani na maneno ya mwisho, kwa dakika chache tu. Ya pili ni kuuliza: kila kichwa hukigeuza kuwa swali. Ya tatu ni kusoma, kipande kwa kipande, akitafuta jawabu la swali lake. Ya nne ni kusimulia: hufunika kitabu akalitaja jawabu kwa maneno yake mwenyewe. Ya tano ni kurudia yote baadaye. Wanafunzi wengi hufanya hatua ya tatu peke yake, wakadhani wamesoma.

Baada ya kusoma huja kuandika. Aghalabu mwanafunzi huandika kila neno atamkalo mwalimu, au hunakili ubao wote mpaka nukta ya mwisho. Mkono wake una kazi, lakini akili yake imelala, kwa kuwa kunakili hakuhitaji kufahamu. Walter Pauk, aliyekuwa akifundisha njia za kusoma katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieleza mpango ulio rahisi katika kitabu chake cha mwaka 1962, nao hauhitaji ila rula na kalamu ya risasi. Ukurasa hugawanywa mafungu matatu. Kulia huachwa nafasi pana, na humo huandikwa somo lenyewe kwa maneno machache wakati mwalimu anaposema. Kushoto huachwa ukingo mwembamba, kadiri ya theluthi ya upana wa ukurasa au pungufu, ambao wakati wa somo hauandikwi kitu. Chini huachwa mistari michache.

Siku ile ile, kabla ya kulala, mwanafunzi hurudi kwenye ukurasa. Katika ukingo wa kushoto huandika maswali ambayo majawabu yake yako kulia. Katika mistari ya chini huandika maana ya ukurasa wote kwa sentensi moja au mbili. Kisha hufunika upande wa kulia kwa karatasi, husoma swali, na hujibu kwa kinywa chake. Wazee waliosoma vitabu vya Kiarabu hawataliona jambo hili kuwa geni, kwa sababu vitabu vya fiq'hi wanavyovijua vina matini katikati na hashiya pembeni, na mengi katika elimu ya waliotangulia yalikuwa katika hashiya hizo.

Mfano unafaa zaidi kuliko maelezo. Tuseme somo ni Ziwa Tanganyika, ambalo watoto wa Bujumbura huliona kila siku. Upande wa kulia mwanafunzi ataandika hivi: «Urefu kama kilomita 670. Kina, mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania, Zambia. Mto Ruzizi huingia kutoka Ziwa Kivu. Mto Lukuga hutoka kwenda Mto Kongo. Limo katika Bonde la Ufa.» Hayo ni maneno machache yasiyo na pambo. Jioni, upande wa kushoto, ataandika: «Kwa nini ni refu na jembamba? Kwa nini lina kina kikubwa? Maji yake huishia bahari gani?» Swali hili la mwisho halikujibiwa ubaoni. Lakini mwenye kufahamu kwamba Lukuga humwaga katika Mto Kongo, na Mto Kongo humwaga katika Atlantiki, atalijibu mwenyewe. Na atastaajabu kwamba maji ya mbele ya nyumba yake huelekea magharibi, ingawa Bahari ya Hindi iko karibu zaidi. Mtoto aliyestaajabu hivyo hasahau. Chini ya ukurasa ataandika: «Ziwa hili ni ufa wa ardhi uliojaa maji, ndiyo maana ni refu, jembamba, na la kina.» Sentensi hiyo moja imebeba somo zima.

Hapa pana jambo linalowahusu hasa watoto wa mji huu. Mtoto wa Buyenzi huzungumza Kiswahili nyumbani na barazani, Kirundi kwa majirani na katika madarasa ya mwanzo, Kifaransa katika madarasa ya juu, na madrasani hukutana na Kiarabu. Lugha nne ni utajiri mkubwa, na haifai mtu kuzilalamikia. Lakini zina hatari yake: mtoto huweza kunakili ukurasa mzima wa Kifaransa bila ya kufahamu mistari mitatu, akauhifadhi kwa sauti kama wimbo. Swali likigeuzwa neno moja, wimbo hukatika. Basi upande wa kulia na uandikwe kwa lugha ya mwalimu, maana ndiyo lugha ya mtihani. Ila swali la kushoto na liandikwe kwa lugha ambayo mtoto hufikiria kwayo, iwe Kiswahili au Kirundi. Akiweza kuuliza kwa Kiswahili na kujibu kwa Kifaransa, amelifahamu jambo lenyewe. Akishindwa, amejua mapema mahali pa kumwuliza mwalimu. Akisha kuzoea, na ajibu mara ya pili kwa kuandika, kwa sababu mtihani hautaki jawabu la kinywa.

Ni haki pia kusema neno juu ya madrasa. Wako wanaoidharau kwa kuwa watoto hukariri, na wako wanaoitetea kwa kusema kwamba kukariri kunatosha kila jambo. Wote wawili wamepita mpaka. Kuhifadhi Kurani ni ibada yenye thawabu yake, na kifua kilichozoezwa kuhifadhi ni chombo chenye nguvu katika kila elimu. Lakini mtoto anayehifadhi nguzo za sala asijue kwa nini moja huitwa nguzo na nyingine suna, amehifadhi sauti. Shule imeacha kurudia na madrasa imeacha kuuliza, na mtoto mmoja ndiye anayepata hasara ya pande zote mbili. Maulamaa wa kale hawakuacha hata moja katika haya: al-Zarnuji mwenyewe, baada ya kuhimiza kurudia, aliyaweka mazungumzo ya wanafunzi wanaoulizana juu ya kurudia kutupu.

Utafiti wa miaka ya karibuni umekubaliana naye. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Baadhi walizisoma, kisha wakazisoma tena. Wengine walizisoma, kisha wakafunika na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka sehemu 42 katika 100, na waliojijaribu walikumbuka 56. Hiyo ndiyo siri ya mtoto aliyetajwa mwanzo. Kusoma tena humpa mtu raha ya kuona maneno anayoyafahamu, naye huidhania raha hiyo kuwa ni elimu. Kujijaribu kuna uchungu, maana humwonyesha mtu asichokijua, lakini uchungu huo ndio unaojenga. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia njia kumi za kujifunza zinazotumiwa na wanafunzi. Mbili walizipa daraja ya juu: kujijaribu, na kugawanya masomo katika siku nyingi. Kupiga mistari na rangi chini ya maneno, na kusoma tena na tena, walizipa daraja ya chini. Rangi nyekundu hupendeza macho tu.

Kugawanya masomo katika siku nyingi ni rehema hasa kwa mtoto wa kike. Msichana akirudi shule aghalabu hukuta maji ya kuteka, mdogo wake wa kubeba na chungu motoni. Saa mbili za kukaa mezani hana. Asikate tamaa, wala wazazi wasifanye hilo kuwa hoja ya kumtoa shule. Robo saa baada ya Alfajiri kwa maswali ya jana, robo saa baina ya Magharibi na Isha kwa maswali ya leo, na maswali mawili matatu akiyajibu kimoyomoyo wakati anachochea moto: jumla ya hayo kwa wiki huzidi faida ya usiku mmoja wa kukesha kabla ya mtihani. Hata hivyo, haki ni kwamba kaka yake naye ateke maji, ili robo saa hizo mbili ziwe nusu saa mbili.

Wako wanafunzi ambao siku hizi hupiga picha ubao kwa simu wakaridhika. Simu ni neema, na kitabu kisichopatikana mjini huweza kusomwa humo. Lakini picha ya ubao ni mfuko wa al-Ghazali kabla hajaurudia: elimu imo ndani yake, na mwenye mfuko hana kitu. Picha ikipigwa, na igeuzwe jioni hiyo kuwa maswali na majawabu kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe. Isipogeuzwa, ni afadhali isipigwe. Wala umaskini wa vifaa usiwe udhuru. Imam al-Shafii, aliyezaliwa Gaza mwaka 767 na kulelewa na mama mjane asiye na mali, imesimuliwa kwamba aliandika masomo yake juu ya mifupa kwa kukosa karatasi. Daftari moja iliyotumiwa vizuri yatosha; na anayekosa daftari aweza kujijaribu kwa kijiti juu ya mchanga.

Yabaki ya wazee. Baba asiyejua Kifaransa hudhani kwamba hawezi kumsaidia mwanawe. Anaweza sana. Na achukue daftari, aulize maswali ya upande wa kushoto, ambayo yameandikwa kwa Kiswahili, na amwambie mtoto aeleze. Mtoto akieleza kwa ufasaha, amejua, akibabaika, arudie. Mama asiyejua kusoma kabisa aweza kumwambia: «Nieleze uliyosoma leo mpaka nifahamu.» Hakuna mtihani mgumu kuliko huo, kwani mtu hawezi kumfahamisha mwingine jambo ambalo mwenyewe hakulifahamu. Walimu nao, wa shule na wa madrasa, wakiacha dakika tano mwishoni mwa somo ili ubao ufutwe na kila mtoto aandike alichokishika, watakuwa wamefundisha somo na njia ya kulisoma kwa pamoja.

Na mtoto aliyeshindwa mwaka huu asiambiwe kwamba hana akili mpaka ajaribu haya kwa muhula mmoja: ukurasa wenye ukingo, maswali jioni ile ile, kufunika na kujibu, na kurudia kesho, keshokutwa na wiki ijayo. Na aanze na somo moja tu, lile analoliogopa zaidi. Jioni ya leo, baada ya Isha, na ateue ukurasa mmoja katika daftari lake, apige mstari kwa rula, aandike maswali matatu, kisha amwite baba yake au mama yake amwulize.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto hawa milango ya elimu yenye manufaa, awape wazazi subira na walimu ikhlasi, na awarehemu wote waliotufundisha herufi ya kwanza. Amin.

Wabillahi tawfiq.